Makro ya Bénie na Macho ya Kambo

Malori ya mgodi yalipoanza kupita asubuhi barabarani Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, Bénie alikuwa amekwisha kuwasha makaa kwenye jiko la mbabula, kuteleka maji ya chai na kufagia nusu ya ua. Nusu nyingine ilibaki, kwa sababu katikati ya kufagia alikumbuka daftari lake la hesabu, akakimbia ndani, na humo ndani akakumbuka kwamba sare yake haijapigwa pasi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwili usiojua kutulia. Hata alipokaa kunywa chai, goti lake lilitikisa meza mpaka vikombe vikagongana.

"Bénie, hiyo meza imekufanya nini?" mama yake, Mama Constance, alimwuliza.

Mama Constance alikuwa katibu wa kituo cha afya cha mtaa wao. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, Bénie, na bibi yake Bénie, Chilufya, ambaye wote walimwita Kambo, kama watu wa Lubumbashi wanavyowaita mabibi na mababu zao. Kambo alikuwa mfanyabiashara. Miaka mingi alikwenda Mokambo, mpakani na Zambia, akanunua na kuuza, akalala njiani, akarudi na mizigo. Alizoea kuamka na kuondoka. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Ukungu mweupe ulifunika mboni, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Kwenda misa alishikwa mkono. Kwenda chooni alifuata ukuta kwa vidole. Hivi karibuni alikataa kungoja kupakuliwa bukari, yaani ugali, akanyoosha mkono mwenyewe kwenye sufuria, akaweka kiganja juu ya mbabula. Kidonda kilikuwa bado hakijafunga.

"Barua imefika?" aliuliza asubuhi hiyo, hata kabla ya salamu.

"Bado, mama. Leo nitaangalia tena," alijibu Mama Constance.

"Minachoka kukaa. Nikae, nilale, niamuke, nikae tena. Mimi si mufuko ya unga."

Barua aliyoiulizia ilikuwa ya madaktari wa macho. Kundi la madaktari lilikuwa linakuja Lubumbashi kuwapasua wagonjwa wa mtoto wa jicho bila malipo. Muuguzi mkuu wa kituo, Papa Godefroid, alikuwa amewapelekea majina ya wagonjwa wa Ruashi, na jina la Kambo lilikuwamo. Madaktari walijibu kwamba watachagua, kisha watatuma barua pepe kueleza siku na mahali. Waliongeza jambo moja: mgonjwa asiyefika siku yake, nafasi yake itapewa mwingine.

Tatizo lilikuwa kikasha cha barua pepe cha kituo. Kilijaa kama soko siku ya Jumamosi. Humo mlikuwa na barua za dawa, ripoti, mialiko ya mikutano, na katikati yake matangazo yasiyokuwa na mwisho: watu wa kuuza vitanda, watu wa kuuza simu, watu wa kufundisha Kiingereza. Kila jioni Mama Constance alibaki peke yake ofisini akizitenganisha moja moja, macho yakimwuma.

Ndipo Bénie alipopata wazo. Shuleni kwao, kila Jumatano baada ya masomo, Mwalimu Adalbert aliwafundisha kompyuta wanafunzi waliotaka kubaki. Siku hizo alikuwa anawafundisha kuandika makro.

"Makro ni maagizo unayoandika mara moja," aliwaeleza. "Baada ya hapo kompyuta inayafuata yenyewe, kila mara, bila kuchoka na bila kuuliza. Sikieni hilo neno la mwisho. Bila kuuliza. Ukiiambia vibaya, itafanya vibaya, na haitakuambia. Kwa hiyo jaribuni makro yenu kwa barua za zamani kwanza. Na baadaye fungueni kila folda, kila siku, mwone ni kitu gani kimeingia."

Bénie alisikia, lakini alisikia huku vidole vyake vikiwa tayari vinaandika.

Ijumaa mchana alikwenda kituoni, akaomba ruhusa kwa Papa Godefroid, akakaa mbele ya kompyuta ya mama yake. Alitengeneza folda: Dawa, Ripoti, Mikutano, Matangazo. Kisha akaandika makro. Barua ikiingia, kompyuta isome maneno yake. Ikikuta jina la dawa, iipeleke kwenye folda ya Dawa. Ikikuta neno ripoti, iipeleke kwenye Ripoti. Kwa matangazo alifikiri kidogo. Aliangalia matangazo matatu au manne, akaona yote yana neno moja la Kifaransa: *gratuit*, yaani bure. Simu ya bure, somo la bure, zawadi ya bure.

"Nimelipata!" alisema peke yake. Akaandika: barua yoyote yenye neno *gratuit* iende kwenye Matangazo, tena kabla ya kuangalia jambo jingine lolote.

Alibonyeza kitufe. Kikasha kilichojaa kikaanza kupungua mbele ya macho yake, barua zikiruka huku na huku, kila moja mahali pake. Ilikuwa kama kuona ua likijifagia. Mama Constance aliyesimama nyuma yake alipiga makofi.

"Umejaribu, uko na hakika?" aliuliza Papa Godefroid kutoka mlangoni.

"Ndiyo, papa," alijibu Bénie. Hakuwa amejaribu kitu. Alikuwa amekwisha kusimama, mkoba begani, maana rafiki yake Estelle alimngojea nje.

Jioni hiyo Mama Constance alirudi nyumbani mapema, jua lingali juu.

Siku zilizofuata, Kambo hakukaa mahali pamoja. Alitoka uani, akarudi ndani, akafungua mlango, akaufunga. Kila aliposikia hatua za Mama Constance aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Barua?"

"Bado, mama. Kikasha kiko safi kabisa. Hakuna kintu."

"Labda wamechagua bengine."

"Labda bado wanachagua."

Papa Godefroid alipiga simu kwa madaktari, simu ikaita bila kujibiwa. Akapiga tena kesho yake, ikawa imezimwa. Nyumbani chakula kililiwa kwa haraka. Bénie mwenyewe aliota ndoto za kutafuta kitu asichokijua ni nini.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Estelle alimkuta karibu na bomba la maji la shule.

"Mujomba wangu wa Katuba amepata! Anapasuliwa kesho," alisema Estelle kwa furaha. "Walimwandikia toka wiki iliyopita. Wee, hata chakula watamupa. Yote *gratuit*!"

Bénie alikuwa anajaza chupa. Maji yalifika juu, yakamwagika, yakamlowesha viatu, naye bado ameshikilia.

"Umesema nini?"

"Minasema watamupa chakula."

"Hapana. Neno la mwisho."

"*Gratuit*. Juu ya nini unaniangalia hivyo?"

Bénie alifunga bomba, akaondoka. Masomo yaliyobaki hakuyasikia. Mwalimu wa jiografia alimwuliza swali, akasimama, akakaa bila kujibu, wenzake wakacheka. Kengele ilipolia alikuwa wa kwanza mlangoni. Siku hiyo ilikuwa siku ya kompyuta, lakini hakubaki. Alikimbia mpaka kituoni, Estelle akimfuata nyuma na kumwita apunguze mwendo.

Mama Constance hakuwa ofisini. Alikuwa upande wa chanjo, akimsaidia Papa Godefroid kuwaandika watoto. Bénie alikaa mbele ya kompyuta, akafungua folda ya Matangazo. Pembeni yake palikuwa na idadi kubwa ya barua ambazo hakuna aliyezisoma. Akateremka taratibu, simu za bure, masomo ya bure, mpaka akaiona. Ilikuwa barua ya madaktari wa macho, iliyoingia Jumamosi, siku moja tu baada ya makro kuanza kazi.

Aliisoma huku mkono umeziba mdomo. Wagonjwa sita wa Ruashi walikuwa wamechaguliwa, Chilufya mmoja wao. Walitakiwa kufika Alhamisi saa mbili asubuhi katika hospitali moja ya mjini. Alhamisi ilikuwa kesho.

"Basi iko bado muda," alisema Estelle akisoma juu ya bega lake. "Hujaharibu kintu. Irudishe tu kwenye kikasha. Uiweke kama haijasomwa. Mama yako ataona ni barua mupya."

"Tarehe iko pale."

"Nani anaangalia tarehe, muntu akifurahi?"

Hatua zikasikika kwenye ukumbi. Bénie hakufikiri zaidi. Alivuta ile barua, akairudisha kwenye kikasha, akaiwekea alama ya barua isiyosomwa, akafunga folda ya Matangazo. Mama yake alipoingia, alimkuta amesimama dirishani kana kwamba anaangalia barabara.

Mama Constance alikaa, akatazama kioo cha kompyuta, akapiga kelele ambayo ilimleta Papa Godefroid mbio akiwa bado ameshika kitabu cha chanjo.

"Imefika! Mama yangu amechaguliwa! Ni kesho!" Alimvuta Bénie kifuani, akambusu kichwa. "Unaona? Bila makro yako, barua hii ingepotea katikati ya yale matakataka."

Estelle alitazama chini. Bénie alihisi uso wake ukiwaka moto. Papa Godefroid alikuwa amekwisha kuchukua simu na kuanza kuwaita wagonjwa wengine, mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mmoja maneno yalikuwa yale yale: kesho, saa mbili, hospitali ya mjini, usichelewe.

Nyumbani Kambo alipewa habari. Alishika ukuta, akasimama. Kisha akaomba maji ya kuoga, akaomba kitenge chake cha bluu, akaomba kitenge kingine, akasema cha bluu kilikuwa kizuri zaidi. Bénie alikwenda na kurudi akibeba alichoagizwa, na kila mara alisahau nusu yake.

"Bénie," Kambo aliita kutoka kitandani. "Mama yako anasema ni wewe ulitengeneza mashini yenye kuniletea barua."

"Ndiyo, Kambo."

"Mungu akubariki, muyukulu wangu. Nikiona tena, wa kwanza kuniona nimesimama peke yangu ni wewe."

Bénie alitoka uani. Alizunguka nyumba. Alichukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Alijiambia mambo yote yamekwenda sawa. Barua ilisomwa, wagonjwa walipigiwa simu, Kambo atapasuliwa. Kitu gani basi kilichokuwa kinamsumbua hivi? Aliurudisha ufagio, akauchukua tena. Na hapo, katikati ya ua, jibu likamjia wazi kama mtu amemsemea sikioni.

Makro ilikuwa bado inafanya kazi.

Alirudisha barua moja tu. Amri yenyewe hakuigusa. Madaktari wakituma nyingine leo, yenye neno lile lile, itakwenda kule kule, na hakuna atakayejua. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

Aliingia ndani. Mama yake alikuwa anakunja nguo za Kambo na kuzitia katika mfuko.

"Mama. Ile barua haikufika leo."

Mama Constance aliendelea kukunja. "Unasema nini?"

"Ilifika Jumamosi. Makro yangu iliitupa kwenye Matangazo. Niliandika kila barua yenye *gratuit* iende kule. Sikujaribu, nilimdanganya Papa Godefroid. Na leo nimeirudisha mimi, nikaiweka kama haijasomwa, ili usijue."

Mikono ya mama yake ilisimama juu ya kitenge. Bénie alitamani mama yake apige kelele, lakini hakupiga.

"Siku zote hizi," alisema Mama Constance polepole, "mama yangu anauliza, na mimi ninamwambia hakuna kintu. Wewe ulikuwa unasikia."

"Wakati ule sikujua, mama. Nimejua leo."

"Leo nimekubusu kichwa mbele ya bantu, na ulikuwa unajua."

"Ndiyo." Machozi yalianza kumtoka Bénie, lakini alilazimisha maneno. "Mama, makro bado inafanya kazi. Wakituma barua ingine, nayo itapotea."

Mama Constance alimtazama, kisha akatupa kitenge kitandani na kuvaa viatu. Kutoka chumba cha pili sauti ya Kambo ilisikika. Macho yake hayakuona, lakini masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Muende kwanza," alisema. "Mutagombana kisha."

Jua lilikuwa linashuka walipofika kituoni. Papa Godefroid alikuwa anafunga mlango. Bénie alimweleza yote pale pale, funguo zikiwa bado mkononi mwake. Papa Godefroid alifungua mlango upya, akawasha kompyuta.

Folda ya Matangazo ilikuwa na barua mpya. Ilikuwa imeingia mchana huo huo, wakati wao walipokuwa wanapiga simu.

Mama Constance aliisoma kwa sauti, na sauti ikapungua kila mstari. Jenereta ya hospitali ya mjini ilikuwa imeharibika. Kazi yote ya kesho ilihamishiwa Kipushi, mji ulio nje ya Lubumbashi. Wagonjwa wa Ruashi wasiende mjini. Basi la bure litawachukua saa kumi na moja alfajiri, mbele ya kanisa la parokia, na halitangoja.

"Saa mbili tungekuwa mjini," alisema Papa Godefroid. "Tungesimama kwenye mulango wa hospitali, na bengine bangepasuliwa Kipushi."

Hakuna aliyemtazama Bénie. Hilo lilimwuma kuliko kugombezwa.

Wakaanza kupiga simu upya. Wagonjwa walishangaa, wengine waliuliza mara tatu, lakini mwishowe walielewa. Aliyebaki ni mmoja, Papa Mwape, mzee aliyefanya kazi ya reli zamani. Simu yake ilikuwa imezimwa. Umeme ulikatika upande wake tangu asubuhi, na bila shaka hakuweza kuichaji.

"Nitakwenda mimi. Ninakujua kwake," alisema Bénie.

"Jioni hii huendi peke yako. Tutakwenda pamoja," alijibu Papa Godefroid. "Lakini kule utasema wewe, si mimi."

Walitembea haraka kati ya nyumba mpya ambazo hazijapigwa plasta, Bénie akiwa mbele. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Walipofika walimkuta Papa Mwape uani amekaa kwenye kiti, na binti yake Angélique akimkata kucha.

Bénie alisalimu, akapiga goti kidogo. Kisha akasema. Alisema kuhusu basi na Kipushi. Halafu, kabla hawajamwuliza, alieleza ni kwa nini habari inafika jioni namna hii, na kwamba kosa ni lake.

Angélique alisimama wima na mkasi mkononi. "Yaani mutoto anachezea kompyuta ya kituo, na baba yangu nusura apoteze macho? Nani alimuruhusu?"

"Mimi," alisema Papa Godefroid. "Na sikumuangalia. Nami niko na kosa."

Papa Mwape alikuwa ameelekeza sikio upande wa Bénie.

"Basi ni saa kumi na moja?" aliuliza mzee.

"Ndiyo, papa. Mbele ya kanisa."

"Nilifanya kazi kwenye reli. Saa kumi na moja si kintu kwangu." Akamwelekea binti yake. "Angélique, maliza kucha. Huyu amekuja kusema mwenyewe, na angeweza kunyamaza. Kasirika kesho, tukiwa Kipushi."

Alfajiri ya Alhamisi wagonjwa wote sita walipanda basi. Kambo alikuwa na kitenge chake cha bluu. Mama Constance alipanda pamoja naye, na kabla ya mlango kufungwa alimwambia Bénie neno moja tu: "Shule."

Bénie alikwenda shule. Baada ya masomo alimfuata Mwalimu Adalbert na kumsimulia, bila kuficha kwamba alipuuza mafundisho yake. Mwalimu hakuhubiri. Alichukua koti lake, wakaenda pamoja kituoni, na Papa Godefroid akawapa viti viwili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma kila kitu kilichokuwamo katika folda ya Matangazo, kimoja kimoja. Goti la Bénie lilitaka kuanza kutikisika, akaliwekea mkono. Karibu na mwisho wakakuta barua nyingine iliyopotea, mwaliko wa mafunzo ya bure ya wakunga, na siku yake ilikuwa haijapita. Papa Godefroid akaichukua na kwenda kumwita mkunga wa kituo.

Kisha wakaandika makro upya. Safari hii kompyuta iliagizwa kuhamisha tangazo pale tu linapotoka kwa mtumaji ambaye Mama Constance mwenyewe amemkataa. Barua ya mtu mwingine yeyote ibaki kwenye kikasha, hata ikiwa na neno bure mara kumi. Waliijaribu kwa barua za zamani, ikakosea. Wakairekebisha, wakaijaribu, ikakosea mahali pengine. Walipomaliza, watu wa chanjo walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Bénie alibandika karatasi ukutani, juu ya kompyuta: Kabla ya kufunga ofisi, fungua kila folda.

Jumamosi basi lilirudi. Papa Mwape aliteremka wa kwanza akimshika Angélique bega, jicho moja likiwa wazi na jingine limefunikwa. Alisimama akatazama mnara wa kanisa kwa muda, akasema umepakwa rangi mbaya.

Kambo alikuja nyuma yake. Alivaa miwani nyeusi aliyopewa na madaktari. Mama Constance alimnyooshea mkono, akaukataa. Alishuka ngazi za basi moja baada ya nyingine, akasimama chini mwenyewe. Walikuwa wamempasua jicho la kulia. La kushoto litangoja madaktari watakaporudi.

Bénie alikuwa amesimama mbali kidogo. Hakujua kama anaruhusiwa kukaribia.

"Njoo hapa," alisema mama yake.

Akaenda. Mama Constance alionekana amechoka, lakini uso wake ulikuwa umelegea.

"Papa Godefroid ameniambia kazi mliyofanya Alhamisi," alisema. "Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitarudia. Kukosea kwenye makro sikukasirikii tena. Ulikuwa na haraka, na anayefanya kazi hukosea. Mimi mwenyewe nilipaswa kufungua zile folda, sikufungua. Lakini ulipoirudisha barua ile kimya kimya, ulifikiri kosa limekwisha. Halikwisha. Liliendelea kufanya kazi kule ndani wakati sisi tunacheka, na lilimeza barua ya pili. Kosa likisemwa, watu wanakaa, wanalirekebisha. Likifichwa, linaendelea peke yake, na hujui litamfikia nani. Uliposema ukweli jioni ile, wagonjwa sita walipata macho. Fanya kazi yako polepole, ijaribu, na ukikosea, sema mapema. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nisamehe. Na wewe, Kambo, nisamehe."

Kambo alivua miwani kidogo, akaishika mkononi, akamkaribia mjukuu wake mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Alimtazama paji la uso, mashavu, kidevu, na macho yaliyokuwa yamejaa machozi. Alimtazama kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukinunua.

"Nimekusamehe toka siku ile," alisema. "Lakini ujue kintu kimoja. Kumbe ukiwa na jambo moyoni, iko inaonekana kwenye sura yako yote. Mama yako alikuwa wapi kuiona?" Akavaa miwani yake tena. "Sasa niko na jicho. Mimi nitaiona."

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, mbele yao wote wawili, nao wakilazimika kukaza mwendo ili wamfikie.